Maisha ya Vincent van Gogh

Vincent alizaliwa 1853 kwa mchungaji mmoja wa Uholanzi. Alihubiri kwa wachimba makaa ya mawe kule Borinage, Ubelgiji, lakini mwaka 1879 wakubwa hawakumwongezea kazi, juu hajui kusema vizuri. Mwaka 1880, na miaka yake 27 (mtu mzima kabisa!), akaanza kuchora wale wachimbaji. Walisimama wakavu kama miti. Akaendelea tu, akinakili picha za Millet. Mdogo wake Theo alimtumia feza. Mwaka 1882 alichora mzee kitini, uso ndani ya ngumi. Sisi tungeficha picha za zamani. Yeye, mgonjwa kule Saint-Rémy mwaka 1890, akamrudilia mzee yule yule, sasa kwa rangi. Julai akafa.