Askofu wa Dublin na Haki ya Mama Mzazi

Ireland ilipojitoa katika utawala wa Waingereza mwaka 1922 ilipata bunge, mawaziri na kura. Lakini raia zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa Wakatoliki, na shule na hospitali nyingi zilikuwa mikononi mwa Kanisa. Atakaye kumwelewa hayati John Charles McQuaid, Askofu Mkuu wa Dublin tangu 1940 hadi 1972, na aanzie hapo.

Alizaliwa mwaka 1895 katika mji mdogo wa Cootehill, mwana wa daktari wa zahanati. Mama yake alifariki siku chache tu baada ya kumzaa. Mwaka 1913 aliingia Shirika la Roho Mtakatifu, lile lile lililofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Lakini yeye alifanywa mwalimu, kisha mkuu wa shule ya Blackrock. Huko alijuana sana na Eamon de Valera, na kiongozi huyo alipokuwa akitunga Katiba ya mwaka 1937, padri McQuaid alimpelekea mashauri mengi. Katiba hiyo ililitambua Kanisa Katoliki kuwa na nafasi ya pekee.

Hatutaki kumdhulumu marehemu. Mwaka 1941, wakati wa vita na dhiki, alianzisha baraza la huduma lililowalisha maskini wa Dublin. Walimu wa shule za msingi walipogoma mwaka 1946 wakidai mishahara, alikuwa upande wao, akajitolea kupatanisha, Serikali ikakataa. Baada ya miezi saba akawaomba warudi kazini, nao wakarudi mikono mitupu. Neno lake lilitosha kuumaliza mgomo, ila halikutosha kuwapatia mshahara.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1951. Waziri wa Afya, Noel Browne, daktari kijana ambaye kifua kikuu kiliwaua wazazi wake, alitaka kila mama mzazi na kila mtoto hadi umri wa miaka 16 atibiwe bure, pasipo kuulizwa kipato chake. Madaktari walipinga, wakihofia ada zao. Maaskofu nao walipinga, na McQuaid ndiye aliyekuwa msemaji wao mbele ya Serikali: walidai kwamba afya ya mtoto ni wajibu wa wazazi, na kwamba Dola likiwafundisha wanawake habari za uzazi litaingilia mafundisho ya Kanisa. Waziri Mkuu Costello akatii. Browne alijiuzulu mwezi Aprili, akazitoa barua zote magazetini, na kwa mara ya kwanza wananchi wakasoma kwa macho yao jinsi jambo la Serikali lilivyoamuliwa nje ya Baraza la Mawaziri.

Twaona hapa ndipo penye kosa. Mtu yule yule aliyempa maskini sahani ya chakula alimnyima haki ya matibabu. Sahani ni hisani, na mwenye kutoa hisani aweza kuizuia kesho. Sheria haimwombi mtu radhi. Na huyu alikuwa yatima wa mama mzazi!

Nguvu zake zilikuwa na mpaka, hata hivyo. Mwaka 1955 alitaka mchezo wa mpira dhidi ya Yugoslavia usichezwe, kwa sababu ya mateso ya Kanisa huko. Watu zaidi ya 20,000 walikwenda uwanjani. Ireland ilifungwa mabao manne kwa moja, jambo ambalo bila shaka halikumhuzunisha. Marufuku yake ya Wakatoliki kusoma Trinity College bila idhini yake iliondolewa mwaka 1970.

Alistaafu mwaka 1972. Desemba ya mwaka huo wananchi walipiga kura, wakaifuta katika Katiba ile nafasi ya pekee ya Kanisa. Naye alifariki Aprili 1973. Mwaka 2009 tume ya Serikali ilieleza jinsi yeye na waliomfuata walivyoficha maovu waliyotendewa watoto na mapadre, ili Kanisa lisiaibike.