Mutisya Munge: Mchongaji aliyewaachia wengi riziki

MUTISYA Munge wa Wamunyu, katika barabara ya Machakos kuelekea Kitui, ndiye anayetambuliwa kama mwasisi wa biashara ya vinyago vya Wakamba.

Awali, jamii hiyo ilichonga vigoda na miiko ya matumizi ya nyumbani. Vita vya Kwanza vya Dunia (1914-1918) vilimfikisha Mutisya katika nchi ambayo sasa ni Tanzania, akajionea ufundi wa Wazaramo karibu na Dar es Salaam.

Aliporejea alianza kuchonga, kisha akawafunza jamaa zake. Kutoka kwao ujuzi ukawafikia majirani, wala haukuzikwa naye.

Wenyeji wa Kitui, Makueni na Machakos walikuwa wamezoea mwethya, yaani kazi ya pamoja. Mwaka wa 1963, wachongaji wa Kikamba waliunda chama cha ushirika Changamwe, Mombasa. Huko, kinyago hutiwa nambari ya mchongaji, ili kikiuzwa jasho lake lisipotee miongoni mwa wenzake.

Hata hivyo, urithi huo uligharimu misitu. Mpingo na muhuhu vilipoadimika, wachongaji waligeukia mwarobaini na mwembe. Ujuzi ulioenezwa bila choyo wahitaji pia miti inayopandwa bila kuchoka.