John Herschel na Nyota za Kusini

John Herschel alizaliwa tarehe 7 Machi, 1792, katika mji wa Slough, nchi ya Uingereza. Baba yake, William Herschel, alikuwa mtaalamu mashuhuri wa elimu ya nyota. Ndiye aliyegundua sayari ya Uranus mwaka wa 1781, kwa darubini aliyoitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Kwa miaka mingi alichungua mbingu usiku baada ya usiku, akaandika habari za kila alichokiona. Lakini kazi yake ilikuwa nusu tu. Dunia ni mviringo, na mtu akaaye Uingereza hawezi kuziona nyota zilizo kusini kabisa, kwa kuwa mgongo wa dunia humfichia. Mzee William alifariki mwaka wa 1822, wala hakuwahi kuigusa nusu ile ya pili.

John aliazimu kuimaliza kazi ya baba yake. Kwanza aliikagua upya mbingu ya kaskazini. Kisha akataka kusafiri kwenda kusini, lakini mama yake alikuwa mzee, naye hakupenda kumwacha. Mama huyo alipofariki mwaka wa 1832, ndipo John alipoanza kujitayarisha kwenda Rasi ya Tumaini Jema, katika ncha ya kusini ya Afrika.

Wakati huo alikuwa na mke, jina lake Margaret, na watoto watatu. Kazi ilikuwa ya miaka michache tu, kisha atarudi kwao. Angeweza kwenda peke yake na kuwaacha wenziwe nyumbani, maana safari ya bahari siku zile ilikuwa ya hatari, na watoto walikuwa wadogo mno: Caroline alikuwa na miaka mitatu, Isabella miaka miwili, na William alikuwa hajatimiza mwaka mmoja. Lakini kwa mtoto mdogo miaka minne ni kama umri mzima. Basi wakaenda wote pamoja. John alilipa gharama zote kwa mali yake mwenyewe, ili asiwe mtumishi wa mtu katika kazi ile.

Walitweka tarehe 13 Novemba, 1833, na darubini imefunguliwa vipande vipande na kufungwa ndani ya masanduku. Merikebu ya matanga ilikwenda wiki tisa. Katikati ya Januari, 1834, waliuona Mlima wa Meza, nao wakashuka Cape Town salama, watu na vyombo.

Nje ya mji, chini ya mlima huo, walipata nyumba iliyoitwa Feldhausen, yenye miti mingi na bustani ya matunda. Humo Herschel aliisimamisha darubini yake. Bomba lake lilikuwa na urefu wa futi 20, nalo liliinuliwa na kushushwa kwa kamba na fundi aliyetoka naye Uingereza. Kioo chake kilikuwa cha madini, shaba iliyochanganywa na bati, na madini hayo hufifia upesi. Kwa hiyo mara kwa mara Herschel alikitoa na kukisugua mwenyewe mpaka king'ae tena. Usiku alipokuwa juu ya ngazi akitazama na kuandika, watoto wake walikuwa wamelala karibu naye.

Mchana nao haukupotea bure. Yeye na Margaret walikusanya maua ya nchi ile. Mume aliyachora kwa kalamu ya risasi, na mke akayatia rangi. Hata wakapata picha zaidi ya 100. Watoto wengine watatu walizaliwa hapo Rasi. Tena Herschel aliishauri serikali ya nchi juu ya mafundisho ya watoto, na utaratibu mpya wa shule ulioanza mwaka wa 1839 ulifuata mengi ya mashauri yake. Alijua kwamba hatakaa, lakini hakuishi kama mpita njia.

Mwaka wa 1835 na 1836 aliitazama nyota ya mkia ya Halley, irudiayo kila baada ya miaka 76 hivi. Desemba, 1837, aliona ajabu nyingine: nyota iitwayo Eta Carinae ilikuwa imeongezeka mwanga ghafula, ikawapita wenzake wengi.

Machi, 1838, walifunga masanduku tena. Waliokuja na watoto watatu walirudi na sita. Hata hivyo kazi haikwisha siku ile, maana hesabu za miaka minne zilimtaka Herschel miaka tisa mingine ya kuzipanga. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1847, na ndani yake mna orodha ya mafungu ya nyota na mawingu ya mbinguni 1,707, na nyota ziendazo mbili mbili 2,102. Hivyo mwana akaitimiza nusu iliyobaki ya kazi ya baba.

John Herschel alifariki tarehe 11 Mei, 1871, akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey mjini London. Alexander, mmoja wa wale waliozaliwa Rasi, naye akawa mtaalamu wa nyota. Na pale Feldhausen, mahali iliposimama darubini, iko nguzo ya mawe ya ukumbusho. Imo ndani ya kiwanja cha shule, na watoto huizunguka wakicheza.