Edward Jenner na Ugonjwa wa Ndui

Watoto wa Masisi wanawajua ng'ombe tangu wangali wadogo. Basi, na wasikie jinsi ng'ombe walivyosaidia kuokoa watu wa dunia nzima.

Edward Jenner alizaliwa Berkeley, katika nchi ya Uingereza, mwaka 1749. Alipokuwa na miaka 5, baba na mama yake walikufa, akalelewa na ndugu zake wakubwa. Alijifunza uganga, kisha akarudi kwao kutibu wagonjwa.

Siku zile ndui iliua watu wengi sana. Waliopona walibaki na makovu usoni, na wengine walipofuka. Lakini wanawake wenye kukama ng'ombe walijua jambo moja: aliyekwisha kupata ndui ya ng'ombe, ambayo ni nyepesi, hapatwi na ndui ya watu. Waganga wengi waliyadharau maneno hayo. Jenner aliyasikiliza.

Tarehe 14 Mei 1796 alitwaa usaha katika mkono wa mkama ng'ombe, Sarah Nelmes, akamchanja James Phipps, mtoto wa miaka 8. Mwezi wa saba akamtia usaha wa ndui yenyewe. Mtoto hakuugua. Siku hizi hairuhusiwi kumjaribu mtoto namna hiyo.

Mwaka 1798 Jenner aliandika kitabu. Watu wengi wakaogopa. Walidhani mtu akichanjwa ataota pembe. Jenner hakuchoka. Alimchanja hata mwanawe mdogo, na maskini aliwachanja bure katika kibanda cha bustanini mwake. Polepole watu waliona kwamba hakuna aliyeota pembe, nao wakaleta watoto wao.

Jenner alikufa mwaka 1823. Mwaka 1980 ilitangazwa kwamba ndui imekwisha duniani.

Hofu kama ile ilionekana tena Kivu ya Kaskazini, Ebola ilipozuka mwaka 2018. Mwaka 2019 ilifika Pinga, katika Walikale. Watu waliokwisha kuteswa na vita miaka mingi hawakuwaamini wageni upesi, na wengine walikataa chanjo. Wauguzi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchanjwa. Mwishowe watu zaidi ya 300,000 walichanjwa, na mwaka 2020 ugonjwa ule ukakoma.

Mwenye hofu hapona hofu yake kwa matusi. Husikilizwa kwanza, kisha huonyeshwa.

Maswali
1. Jenner alijifunza nini kwa wakama ng'ombe?
2. Kwa nini watu waliogopa kuchanjwa?
3. Jenner alifanya nini ili waamini?