Jimmie Rodgers: Mfanyakazi wa reli aliyegeuka ‘Chemirocha’ wa Kericho

Aliyekulia Vwawa, Mlowo au Tunduma hahitaji kuelezwa maisha ya kando ya reli. TAZARA inapita hapo hapo, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na Tunduma ndiyo inakoiaga Tanzania na kuingia Nakonde, Zambia.

Ukanda huu pia una mashabiki wake wa muziki wa kantri. Wengi waliokua na redio wanawajua Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton. Wachache wanamjua jamaa aliyewafungulia njia wote hao. Naye alikuwa mtu wa reli, tena wa kazi za chini kabisa.

Jina lake James Charles Rodgers, dunia ikamwita Jimmie. Alizaliwa Septemba 8, 1897, kusini mwa Marekani, na mji anaohesabiwa kuwa wake ni Meridian, jimbo la Mississippi. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo. Baba, Aaron Rodgers, alikuwa mnyapara wa genge la reli, kazi ya kuhamahama kufuata njia inakohitaji kutengenezwa. Mtoto akalelewa huku na kule kwa ndugu.

Alipofika umri wa kama miaka 13 akaanza kutoroka nyumbani kufuata vikundi vya maonyesho. Mzee akamrudisha na kumpa kazi: kubeba maji ya kunywa kwa wafanyakazi wa genge.

Hiyo ndoo ya maji ndiyo ilikuwa shule yake.

Wengi wa wale waliokuwa wakibadilisha mataruma na kunyoosha vyuma walikuwa Wamarekani weusi. Walifanya kazi kwa kuimba, mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, nyundo na mitaimbo vinashuka kwa pamoja. Wakati wa kupumzika wakapiga gitaa na banjo. Kijana wa maji akakaa, akasikiliza, akajifunza. Bluzi aliyokuja kuiuza duniani aliipata pale, kwa watu ambao majina yao hayakuandikwa kwenye santuri hata moja. Hilo ni deni, na linabaki deni hata ukimpenda vipi Rodgers.

Baadaye akawa mshika breki wa treni. Enzi hizo ilikuwa kazi ya hatari, unapita kutoka behewa moja hadi jingine, mvua inanyesha, baridi inakata. Mwaka 1920 alimuoa Carrie Williamson. Mwaka uliofuata wakampata binti, Anita. Mtoto wa pili, June, alifariki mwaka 1923 akiwa na miezi sita tu, na familia ilikuwa haina kitu.

Mwaka 1924, akiwa na miaka 27, alianza kutema damu. Kifua kikuu.

Leo ugonjwa huo unatibika kwa dawa za miezi sita, na hapa Tanzania zinatolewa bure. Wakati wake dawa hazikuwepo. Streptomycin, dawa ya kwanza kuupiga ugonjwa huo kisawasawa, iligunduliwa mwaka 1943. Kwa hiyo daktari alichoweza kumpa ni ushauri: pumzika, kula vizuri, tafuta hewa safi. Mtu mwenye mke na mtoto, asiye na akiba, apumzike vipi? Kazi ya reli ikamshinda. Akabakiwa na gitaa.

Mji wenye mpaka katikati

Agosti 1927 Rodgers alifika Bristol. Watu wa Tunduma wataielewa Bristol bila shida: mpaka wa majimbo mawili, Tennessee na Virginia, unapita katikati ya barabara kuu. Unavuka barabara, umeingia kwenye sheria nyingine. Tofauti na Tunduma na Nakonde, hapo hakuna pasipoti wala forodha.

Ralph Peer, mtu wa kampuni ya santuri ya Victor, alikuwa ameweka mitambo yake ndani ya jengo lililowahi kuwa la biashara ya kofia, upande wa Tennessee. Alitangaza kwamba anatafuta waimbaji wa vijijini. Watu wakashuka kutoka milimani na vyombo vyao. Familia ya Carter, wakubwa wengine wa kantri, walirekodi siku hizo hizo.

Rodgers alikuja na bendi, lakini usiku wa kuamkia zamu yao wakagombana juu ya jina litakaloandikwa kwenye santuri. Wenzake wakaamua kurekodi peke yao. Ungedhani ndiyo basi tena. Agosti 4 akaingia peke yake na gitaa, akarekodi nyimbo mbili, akaondoka na dola 100.

Santuri ya kwanza iliuza kiasi, si ya kutisha. Rodgers hakusubiri kuitwa. Alifunga safari mwenyewe hadi New York kumtafuta Peer. Novemba 30, 1927, katika studio ya Camden, New Jersey, akarekodi wimbo uliotoka kwa jina la Blue Yodel. Uliuza karibu nakala nusu milioni, kiwango ambacho hata leo msanii angefanyia sherehe.

Siri yake ilikuwa koo. Alichukua bluzi ya weusi wa kusini, halafu mwishoni mwa beti akaichomekea yodeli: sauti inatoka nzito kifuani, ghafla inaruka juu na kuwa nyembamba, inarudi tena, kama honi ya treni inayoishilia mbali. Yodeli hakuibuni yeye, wazungu wa milima ya Ulaya walikuwa nayo zamani. Kuichanganya namna ile ndiko kulikompa jina.

Hakujua kusoma nota. Aliyemsaidia sana ni shemeji yake, Elsie McWilliams, mwalimu wa muziki wa Meridian, aliyeandika au kusaidia kuandika nyimbo zake zaidi ya 30. Si zote zilizotoka na jina la mama huyo.

Fedha zikaja kwa kasi, zikaondoka kwa kasi. Alinunua magari, akajenga jumba kubwa Kerrville, Texas, mji wenye hewa kavu uliopendwa na wagonjwa wa kifua. Alikuwa mkarimu kupita kiasi na matibabu yalikula sana. Ndipo mdororo wa uchumi wa 1929 ukaingia, watu wakaacha kununua santuri. Jumba likauzwa, familia ikahamia nyumba ya kawaida San Antonio.

Hata hivyo hakukaa kimya. Mwaka 1930, Los Angeles, alirekodi na mpiga tarumbeta mweusi Louis Armstrong, na mke wa Armstrong, Lil, akiwa kwenye piano. Ni Marekani ya ubaguzi, ambako katika majimbo ya kusini watu hao wasingekaa meza moja hotelini. Mwaka uliofuata akazunguka na mchekeshaji Will Rogers kuchangisha fedha za Msalaba Mwekundu kwa walioathiriwa na ukame. Mwaka huo huo akatoa T.B. Blues, wimbo kuhusu ugonjwa wake mwenyewe. Wengi enzi hizo walificha kifua kikuu kama aibu ya familia. Yeye aliuimbia watu, wakiwemo wagonjwa wenzake.

Kitanda ndani ya studio

Mei 1933 hali ilikuwa mbaya na Rodgers alijua. Alisafiri hadi New York akiwa na muuguzi, lengo likiwa moja: kurekodi nyimbo nyingi iwezekanavyo ili Carrie na Anita wabaki na kitu.

Studioni waliweka kitanda kidogo. Anaimba wimbo mmoja, anakwenda kulala, anaamka, anaimba mwingine. Kwa siku chache alimaliza nyimbo zaidi ya kumi namna hiyo. Ukizisikiliza leo bila kujua habari hii, huwezi kudhani ni mtu aliyekuwa akiinuliwa kitandani.

Kikao cha mwisho kilikuwa Mei 24. Kesho yake alitoka kidogo kupunga upepo Coney Island. Alfajiri ya Mei 26 akafariki hotelini, akiwa na miaka 35. Binti yake alikuwa na miaka 12.

Alirudishwa Meridian kwa treni. Umati ulijaa kuupokea mwili, na inasimuliwa kwamba dereva aliivuta honi taratibu, kwa huzuni, hadi mjini. Alizikwa makaburi ya Oak Grove.

Kwa miaka sita tu aliacha nyimbo zaidi ya 100. Mwaka 1961, wakuu wa kantri walipoanza kuwaweka watu wao kwenye jumba la heshima la muziki huo, jina lake lilikuwa kati ya matatu ya kwanza, pamoja na Hank Williams na Fred Rose. Mwaka 1986 wa rock and roll nao wakamwingiza kwao.

Akifufuka Bonde la Ufa

Jambo ambalo Rodgers mwenyewe hakupata kulijua lilitokea Kenya.

Santuri zake ziliuzwa mbali: Uingereza, India, Australia, Afrika Kusini. Baadhi zilifika eneo la Kericho, na inasimuliwa kwamba wamisionari ndio walizipiga kwenye gramafoni mbele ya Wakipsigisi. Fikiria unakutana na sauti ile mara ya kwanza: mtu anaimba, ghafla anaruka juu kama mnyama, na mwili wake huuoni.

Wakajaribu kulitamka jina lake. Jimmie Rodgers likawa Chemirocha, na kwa masikio ya Wakalenjin jina linaloanza na Che- halina ugeni, kama Chebet au Cherono.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kunasa sauti, alifika huko na kurekodi nyimbo tatu za jina hilo. Iliyovuma zaidi ni ya wasichana wa Kapkatet, wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, kinubi cha Kikipsigisi, ndugu wa nyatiti na obokano, kikilia nyuma yao. Tracey aliandika kwamba kwa wasichana wale Chemirocha alikuwa kiumbe nusu mtu, nusu paa. Walimwita aje kucheza, aruke kwa nguvu hadi nguo zimvuke.

Rodgers alikuwa kaburini miaka 17 tayari. Alichokichota kwa vibarua wa asili ya Afrika, akiwa na ndoo ya maji mkononi, kilikuwa kimefika Afrika ndani ya santuri na kuanza maisha mengine, kwa lugha ambayo asingeielewa na kwa sura ambayo asingejitambua.

Kanda za Tracey zilikwenda Afrika Kusini na kukaa huko miongo mingi, waimbaji wenyewe wakiendelea na maisha yao kijijini. Mwaka 2015 watafiti, wakiwemo watu wa muziki kutoka Nairobi, walizirudisha Kericho na kuwatafuta waliobaki. Miongoni mwa waliokutwa hai alikuwa mzee mmoja aliyekuwa kijana siku ile ya 1950. Wakampigia nyimbo zile, miaka 65 baadaye.