Luigi Galvani na Siri ya Mwendo wa Viumbe

Mtu akitaka kuinua mkono, mkono huinuka papo hapo. Ni kitu gani kinachoipeleka amri hiyo kutoka kichwani hadi kwenye misuli? Kwa karne nyingi wanachuoni wa Ulaya waliamini kwamba ndani ya mishipa ya fahamu hupita aina ya pumzi au majimaji yasiyoonekana. Aliyeitikisa imani hiyo ni tabibu wa Italia, Luigi Galvani.

Galvani alizaliwa tarehe 9 Septemba 1737 katika mji wa Bologna, ambao zama hizo ulikuwa chini ya utawala wa Papa. Baba yake alikuwa sonara. Katika ujana wake alitamani kuingia utawani, lakini akashika elimu ya utabibu na kuhitimu mwaka 1759. Mwaka 1762 alimwoa Lucia Galeazzi, binti wa mwalimu wake, ambaye alikuwa pia msaidizi wake katika kazi. Baadaye alifundisha elimu ya viungo vya mwili na ukunga.

Mwanzoni mwa miaka ya 1780, chura aliyekwisha pasuliwa alikuwa juu ya meza, karibu na mashine ya kuzalisha umeme. Msaidizi mmoja aligusa mshipa wa fahamu kwa ncha ya kisu, na wakati ule ule mashine ikatoa cheche. Miguu ya chura yule mfu ikashtuka! Galvani hakulipuuza jambo hilo. Mwaka 1786 aliona kwamba miguu hushtuka hata pasipo mashine, endapo kulabu ya shaba iliyopitishwa katika uti wa mgongo itagusishwa kwenye chuma. Mwaka 1791 akatoa maandishi yake, akieleza kwamba mnyama ana umeme wake mwenyewe.

Alessandro Volta, mwanachuoni wa Pavia, kwanza alimsifu, kisha akampinga. Kwa maoni yake umeme ule ulitokana na kukutana kwa madini mawili tofauti. Galvani alijibu kwa vitendo. Mwaka 1797 alionyesha kwamba misuli hushtuka mishipa ya fahamu ya chura inapogusana yenyewe, pasipo madini yo yote. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya ukweli: hoja ya Volta ilizaa betri, aliyoitangaza mwaka 1800, na hoja ya Galvani ilizaa elimu ya umeme wa viumbe.

Lakini Galvani hakuishi kuyaona hayo. Mkewe alikuwa amekwisha fariki, bila ya wao kupata mtoto. Majeshi ya Napoleon Bonaparte yalipoiteka nchi, walimu wote walitakiwa kuapa utii kwa Jamhuri mpya ya Cisalpina. Galvani alikataa, kwa kuwa kiapo hicho kilipingana na dini na dhamiri yake. Mwaka 1798 akanyang'anywa kazi na mshahara. Serikali ilipokubali hatimaye kumrudisha pasipo kiapo, wakati ulikuwa umekwisha pita. Alifariki tarehe 4 Desemba mwaka huo huo.

Mwaka 1850 Hermann von Helmholtz wa Ujerumani alipima mwendo wa amri katika mshipa wa chura, akaukuta kiasi cha mita 30 kwa sekunde. Na leo, tabibu anapoupima moyo wa mgonjwa kwa mashine, anachokisoma ni umeme ule ule alioutetea Galvani.