Habari za George Boole, Mwana wa Fundi Viatu

Katika magazeti ya shule husimuliwa sana habari za wafalme, na wasafiri, na watu waliopigania uhuru. Leo naomba nafasi nisimulie habari za mwalimu. Mtu huyu hakupiga vita, wala hakugundua nchi, wala sidhani kwamba alipata kusikia jina la Dutumi. Lakini kila karani wa hapa kwetu Pwani aketiye mbele ya kompyuta akatafuta jina la mkulima au hesabu ya magunia, hutumia kazi yake, ajue asijue. Jina lake ni George Boole, na wenye elimu ya hesabu na ya kompyuta wamjua dunia nzima.

George alizaliwa tarehe 2 Novemba, 1815, katika mji wa Lincoln, Uingereza. Baba yake, John Boole, alikuwa fundi viatu. Mama yake kabla ya kuolewa alikuwa mtumishi katika nyumba ya wakubwa. Walijaliwa watoto wanne, na George ndiye kifungua mimba. Yule baba alikuwa fundi wa namna ya peke yake, maana alipenda hesabu na darubini za kutazamia nyota kuliko viatu. Alishinda akiunda vyombo vyake, na viatu vya watu vikangoja. Mtoto alifaidi mambo hayo. Biashara haikufaidi hata kidogo.

Mtoto huyu hakusoma shule za fahari. Hesabu za kwanza alifundishwa na baba yake, na Kilatini alianzishiwa na muuza vitabu aliyekuwa rafiki wa nyumba yao. Kigiriki alijifunza mwenyewe, na baadaye Kifaransa, Kijerumani na Kiitalia. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alifasiri shairi la Kigiriki, baba yake akaona fahari akalipeleka kwenye gazeti la mji. Likapigwa chapa. Mara mwalimu mmoja akaandika kupinga, akisema kwamba mtoto wa umri huo hawezi kufasiri vile. Ubishi ule ulikuwa sifa kubwa kuliko tuzo.

Kisha mambo yakaharibika. Biashara ya viatu ikafa, na George akiwa na miaka 16 tu akawa tegemeo la wazazi na ndugu zake. Mwaka wa 1831 akaenda Doncaster kuwa mwalimu msaidizi katika shule ya bweni. Mshahara ulikuwa mdogo, na vitabu vilikuwa ghali. Basi akaanza kununua vitabu vya hesabu, na sababu yake yanichekesha kila niikumbukapo: kitabu cha hesabu husomwa polepole, kwa hiyo fedha ya kitabu kimoja humtosha mtu kwa miezi mingi.

Huko Doncaster, alipokuwa na umri wa miaka 17, siku moja alikuwa akipita kondeni kwa miguu, likamjia wazo ambalo halikumtoka tena. Aliona kwamba mawazo ya binadamu, yaani vile tusemavyo hiki ni kile, na hiki si kile, yaweza kuandikwa kwa alama kama tuandikavyo hesabu za aljebra, kisha yakakokotolewa. Mimi nami nina umri huo sasa, na nipitapo kondeni huwaza chakula cha jioni.

Wazo lile alilitunza kwa miaka mingi bila kulifanyia kazi, maana kulikuwa na watu wa kulishwa. Mwaka wa 1834, akiwa na miaka 19, alirudi Lincoln akafungua shule yake mwenyewe. Mchana alifundisha, usiku alisoma vitabu vya mabingwa wa hesabu wa Ufaransa. Akaanza kupeleka makala katika jarida la hesabu la Cambridge. Mhariri wake, Duncan Gregory, alimsaidia sana. Lakini kwenda kusoma huko Cambridge hakuweza, kwa kuwa angeacha shule yake, na jamaa zake wangekula nini? Hata hivyo mwaka wa 1844 Chama cha Kifalme cha wataalamu huko London kilimpa nishani ya dhahabu kwa makala yake moja ya hesabu. Mtu aliyepewa nishani ile hakuwa amesoma chuo chochote.

Mwaka wa 1847 alitoa kitabu chake cha kwanza juu ya mantiki, na mwaka wa 1854 akatoa kikubwa zaidi juu ya kanuni za fikira. Hapa yafaa nieleze alichokisema, kwa mfano wa kwetu.

Tuseme x ni watu wote wa Dutumi, na y ni wakulima wote wa korosho. Boole alisema kwamba xy, yaani x mara y, ni wale walio katika makundi yote mawili: watu wa Dutumi walimao korosho. Sasa x mara x ni nini? Ukichagua watu wa Dutumi, kisha katika hao ukachagua tena watu wa Dutumi, utabaki na wale wale. Basi x mara x ni x. Katika hesabu za kawaida namba zenye tabia hiyo ni mbili tu, 0 na 1. Boole akafanya 1 kuwa ndiyo vitu vyote, na 0 kuwa ni hakuna kitu. Na 1 ukitoa x ni wote wasio wa Dutumi. Kwa hiyo neno na, neno au, na neno si, ambayo twayatamka kila siku bila kuyafikiri, yakawa na hesabu yake. Kwa neno au alikuwa mkali kidogo: hakuruhusu kujumlisha makundi yenye watu wa kushirikiana. Mwingereza mwenzake, W. S. Jevons, ndiye aliyelegeza sharti hilo baadaye, nasi leo tunafuata njia ya Jevons.

Katika programu za biashara za siku hizi hesabu hiyo hutumika kwa njia mbili, na watu wengi huzichanganya. Njia ya kwanza ni kuchuja. Daftari lililo katika kompyuta lina safu zake: jina, kijiji, msimu, daraja la korosho, kilo. Karani huchagua kijiji fulani na msimu fulani, na programu humwachia mistari iliyopita katika machujio yote mawili, kama tui lipitavyo katika kifumbu na machicha yakabaki nyuma. Hiyo ni xy ya Boole. Njia ya pili ni kutafuta neno ndani ya maandishi yote: barua, risiti, maelezo, chochote. Programu haisomi kila barua upya uulizapo. Imekwisha kujitengenezea orodha ya maneno yote, na mbele ya kila neno namba za barua lilimo, kama faharasa iliyo mwishoni mwa kitabu. Ukiuliza maneno mawili, huzitwaa orodha mbili na kubakiza namba zilizo katika zote.

Njia hii ya pili ina mitego yake. Ukitafuta Dutumi utaletewa habari za Dutumi yetu, na pia za Dutumi iliyo katika Mkoa wa Morogoro. Mtu mwerevu atasema, nitaandika Dutumi, si Morogoro. Vema, lakini barua isemayo kwamba magunia yetu yalisafirishwa kwa Barabara ya Morogoro nayo itatupwa nje, maana ina neno lililokatazwa. Hapo afadhali kuchuja kwa safu ya mkoa kuliko kukataza neno. Tena kuna lugha yetu. Kiingereza hubadili maneno yake zaidi mwishoni, na programu nyingi zimefundishwa kukata miisho ya maneno yake. Kiswahili hubadili mwanzo: mkulima, wakulima. Programu isiyojua hayo huyaona kuwa maneno mawili yasiyo na udugu, na atafutaye moja hukosa la pili. Yambidi aandike mkulima au wakulima, na neno lile au ni la Boole.

Nisidhaniwe kwamba haya ni mambo ya darasani tu. Msimu mmoja babu yangu alipeleka korosho ghalani, zikapimwa, akapewa stakabadhi. Siku ya malipo akaenda. Karani akaandika jina lake katika kompyuta, ikajibu kwamba hakuna. Babu akaonyesha stakabadhi. Karani akaonyesha kompyuta. Akarudishwa mara tatu, na kila mara alikwenda na kurudi kwa miguu. Nyumbani tulikuwa tukingoja fedha ile kwa godoro langu la bweni na madaftari, na pia kwa deni la dawa ya kupulizia mikorosho. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba huenda mzee amebuni magunia. Safari ya nne alimkuta kijana mwingine, naye akatazama juu ya daftari akaona chujio la msimu uliopita limeachwa bila kuondolewa. Babu msimu ule wa nyuma alikuwa mgonjwa, hakuuza hata kilo moja. Basi jina la babu mara msimu uliopita ni 0, na kompyuta haikusema uongo: ilijibu swali iliyoulizwa. Kijana akaliondoa chujio, jina likatokea pamoja na kilo zake zote.

Turudi kwa Boole. Mwaka wa 1849 alichaguliwa kuwa profesa wa kwanza wa hesabu katika Chuo cha Malkia kilichofunguliwa mjini Cork, Ayalandi, nchi ambayo ilikuwa imetoka kupigwa na njaa kubwa ya kuharibika kwa viazi. Hakuwa na shahada, lakini wataalamu wakubwa walimshuhudia. Baba yake alikuwa amekufa mwishoni mwa 1848, hakuuona uprofesa wa mwanawe. Mwaka wa 1855 akamwoa Mary Everest, ambaye baba yake mdogo au mkubwa ndiye George Everest, ambaye jina lake ulipewa mlima mrefu kuliko yote duniani. Mary mwenyewe alipenda hesabu, na baadaye aliandika vitabu vya kuwafundishia watoto. Wakapata binti watano.

Tarehe 24 Novemba, 1864, Boole alitoka nyumbani kwenda chuoni, mwendo wa maili tatu hivi, na mvua kubwa ilikuwa ikinyesha. Hakurudi nyuma. Akafika amelowa, akasimama mbele ya wanafunzi, akafundisha somo lake lote na nguo zile zile mwilini. Akashikwa na homa, kisha kichomi. Mkewe alikuwa akiamini kwamba dawa yapasa ifanane na kilicholeta ugonjwa, na yasimuliwa kwamba alimfunika kwa mashuka yaliyotiwa maji. Akafa tarehe 8 Desemba, akiwa na umri wa miaka 49.

Mjane aliachwa na watoto watano, na mdogo wao alikuwa na miezi saba tu. Huyo mdogo, Ethel, alikuja kuwa mwandishi wa hadithi mwenye wasomaji wengi sana huko Urusi. Alicia akawa bingwa wa jiometri ya maumbo yasiyoweza hata kuonekana kwa macho, na Lucy akawa mtaalamu wa kemia, katika siku ambazo wasichana hawakufunguliwa milango hiyo kwa urahisi.

Na ile aljebra yake? Ilikaa vitabuni, ikisomwa na wachache. Hata mwaka wa 1937, miaka 73 baada ya kufa kwake, kijana wa Marekani aitwaye Claude Shannon, mwenye umri wa miaka 21, akaonyesha kwamba swichi za umeme hufuata hesabu ile ile: umeme ukipita ni 1, usipopita ni 0, swichi mbili zikifuatana ni na, zikiwa sambamba ni au. Tangu hapo mashine za kompyuta zikaundwa kwa kanuni hiyo. Chuo kile cha Cork kingali kikifundisha hata leo, na maktaba yake, mahali watu waendapo kutafuta maandishi, yaitwa Maktaba ya Boole.